Sumni juu ya mkono wa gramafoni

Sahani yetu ya "Dirishani" ilikuwa na mkwaruzo. Haukuzidi urefu wa ukucha, lakini sindano ikifika pale iliruka, na gitaa la Patrick Balisidya likaruka nayo kama mtu anayevuka mtaro. Kaka ndiye aliyeleta dawa. Alitoa sumni mfukoni, ile sarafu ya senti hamsini, akaiweka juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni ili uzito uikandamize sindano. Tangu siku hiyo ile sumni haikwenda tena dukani. Nyumba nzima ilijua kwamba hata chumvi ikiisha, ile haiguswi. Ilisaidia sehemu nyingine zote za wimbo. Pale penye mkwaruzo sindano iliendelea kuruka, miaka yote tuliyokuwa na ile sahani.

Naanza na sahani kwa sababu nikimtaja Patrick watu hufikiri nazungumzia sherehe. Ni kweli, wimbo wake wa "Harusi" umepigwa katika nchi hii mpaka kuna watu wanaoujua wimbo bila kumjua mwimbaji. Lakini mimi nilimpata kabla sijawaza kuolewa, wakati ambao kuwa kijana Dar es Salaam ilikuwa kama kuwa na kesi. Nguo yako ilikuwa na kesi, nywele zako zilikuwa na kesi, na ngoma uliyoicheza Jumapili ilikuwa na kesi.

Nilizaliwa 1954, Ilala, katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Vyumba vitatu vyetu, vitatu vya wapangaji. Baba alikuwa karani bandarini, mama akikaanga vitumbua alfajiri. Chumba cha mwisho, karibu na bafu, alikaa mzee mmoja wa Kigogo, mlinzi wa usiku wa ghala moja kule Gerezani. Sote tulimwita Babu. Jioni kabla ya kwenda lindoni alikuwa akikaa juu ya kigoda na kupiga ilimba yake, kile kisanduku chenye ndimi za chuma, kwa vidole gumba, polepole, macho ameyafumba. Sisi watoto tulikuwa tukipita mbele yake bila kusikia kitu. Ilikuwa sauti ya pale uani tu, kama ya kuku.

Mwaka 1968 nilikuwa darasa la saba. Dada alikuwa na miaka 19, anapiga taipu katika ofisi moja mjini. Alikuwa na sketi fupi mbili alizoshonewa na fundi wa mtaani kwetu, na wigi moja ambalo usiku alilivika chungu ili lisipoteze umbo. Mwezi wa kumi mwaka ule Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala, ukatangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana zisionekane tena. Watu hawakuisubiri hiyo tarehe. Siku hizohizo makundi ya wanaume yakaanza kuwavamia wasichana pale Kariakoo, mpaka polisi wakaingilia kati.

Dada alikuwa mmoja wao. Alikuwa anasubiri basi. Hakutusimulia siku ile, alitusimulia kidogo kidogo kwa miaka. Alisema kwanza zilikuja kelele, halafu mikono. Sketi ilichanika upande mmoja mpaka kiunoni. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi pembeni aliacha beseni lake, akaingia katikati ya wanaume wale akiwatukana, akavua kanga yake ya juu na kumfunga dada. Yeye akabaki na moja. Dada aliingia nyumbani amefungwa kanga ya mtu asiyemjua, ya rangi ya machungwa na nyeusi, inanuka mafuta ya kukaangia. Juma lililofuata aliifua, akaipiga pasi, akairudisha. Yule mama hakumwona. Alikwenda mara tatu. Kanga ikabaki kwetu.

Baba alikasirika, lakini hasira yake ilikuwa kwa dada. Alisema, "Si walishakatazwa?" Mama hakumjibu. Nakumbuka alivyokuwa akigeuza vitumbua asubuhi ya pili yake, kimya, anavigeuza kwa nguvu kuliko kawaida.

Sitaki kumfanya baba aonekane mtu mbaya, kwa sababu alichokiamini kilikuwa na mizizi. Kabla ya uhuru alikuwa amefundishwa kwamba hana utamaduni wowote. Tarehe 10 Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipozungumza bungeni na kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisema jambo ambalo baba alikuwa akilirudia kama aya: kwamba wengi wetu tunajua kucheza rumba, chachacha na twisti, lakini ni wangapi wanaojua ngoma zetu za gombe sugu, kiduo au lelemama? Baba alikuwa ameshikwa na swali lile. Mimi pia limenishika mpaka leo, na naliona ni swali la haki. Ila jibu lake halikuwa kwenye paja la dada yangu. Hilo nimeliamini tangu nina miaka 14 na sijaona sababu ya kubadili.

Kaka alikuwa na miaka 16, na ugonjwa wake ulikuwa soul, muziki wa Wamarekani weusi. James Brown, Otis Redding, Wilson Pickett. Vijana wa rika lake walikuwa na bugi, dansi la mchana la Jumapili, mnaingia jua likiwa kali na kutoka magharibi haijaadhiniwa, kwa hiyo hata mtoto wa nyumba yenye masharti aliweza kuiba saa tatu. Bendi za vijana zilipiga kopi za nyimbo za Marekani, maneno yanatoka kama yalivyosikika. Mimi nilikuwa na daftari la mistari ambamo nilikuwa nikiandika nyimbo hizo kwa kusikiliza, ukurasa baada ya ukurasa wa Kiingereza ambacho si Kiingereza. Nilikuwa naziimba kwa moyo wote. Nililia kwa nyimbo nisizozielewa hata mstari mmoja.

Kisha Novemba 1969 soul ikapigwa marufuku Dar es Salaam, kwa amri ya mkuu wa mkoa. Kaka aliisikia kwa kinyozi. Alikuja nyumbani akasimama mlangoni, akamuuliza baba swali ambalo sikuwahi kumsikia mtoto akimuuliza mzazi: "Baba, huyu James Brown anaimba kwa sauti kwamba yeye ni mweusi na anajivunia. Sasa huo ni ukoloni wa nani?" Baba alimwambia atoke. Baadaye, usiku, nilimsikia akimweleza mama kwamba swali lilikuwa zuri.

Hapo ndipo tulipokuwa. Tukiimba soul tu wahuni, tunaiga Wazungu, ingawa waliokuwa wakiimba hawakuwa Wazungu. Tukicheza ngoma za wazee, ngoma hizo tulikuwa hatuzijui, kwa sababu tulizaliwa Ilala, kwa baba wa Uzaramoni na mama wa Tanga, na ngoma yetu hasa ilikuwa kelele za mtaa wenyewe. Hakuna aliyetuambia kijana wa mji acheze nini.

Patrick Balisidya alizaliwa 1946, Mvumi, Dodoma, nchi ya Wagogo. Alijiunga na Dar es Salaam Jazz mwaka 1967, na mwaka 1970 akaanzisha bendi yake, Afro 70. Jina lenyewe tu lilitushtua. Bendi zote kubwa tulizozijua zilikuwa Jazz: Dar Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz. Nyingine zilikuwa na wanachama wazee waliovaa suti na kuwa na viongozi wanaogonga mihuri. Huyu akaja na jina lenye nywele zetu ndani yake na muongo wetu ndani yake. Na kama kila bendi ilivyokuwa na mtindo wake, Western na Saboso, Nuta na Msondo, yeye akauita wake Afrosa.

Mara ya kwanza kumsikia nilikuwa uani nafua sare za shule. Redio ya mpangaji mmoja ilikuwa dirishani, Radio Tanzania. Gitaa lilianza peke yake, likaingia besi, halafu sauti, ile sauti yake nyembamba isiyolazimisha, ya mtu anayekwambia jambo karibu na sikio. Nilisubiri maneno yaje katika Kiingereza. Yalikuja katika Kiswahili. Mapigo ya ngoma yalikuwa yaleyale ya bugi, yale yaliyotufanya tuitwe wahuni, na maneno yalikuwa ya mama yangu. Niliacha nguo ndani ya maji.

Babu alikuwa kwenye kigoda chake, anajiandaa kwenda lindoni. Akasimamisha mkono. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Huyu anatoka wapi?"

"Sijui, Babu."

"Muulize. Huyu ni mtoto wa kwetu."

Nikamwambia mwanamuziki haulizwi redioni. Akaichukua ilimba, akatafuta kidogo, na kwa vidole gumba akapiga kipande cha lile gitaa. Hakukipiga sawasawa. Alikipiga kama anavyopiga mambo yake, kinazunguka, kinarudi mahali pake kabla hakijafika. Nikasikia kwamba vile vitu viwili vilikuwa na damu moja. Nilipita mbele ya mzee yule miaka minane nikidhani ni sauti ya uani. Sijui kama Patrick mwenyewe angekubaliana na alichokisikia Babu, na sijawahi kusoma mahali popote kwamba wimbo ule ulitoka Ugogoni. Naandika tu kilichotokea uani kwetu. Kesho yake nilimwamkia Babu kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama kabisa. "Shikamoo, Babu. Nifundishe."

Hakunifundisha ilimba, alisema mikono yangu ina haraka. Lakini alianza kuniimbia, na mimi nikafungua ukurasa mpya katika daftari lile. Nyuma ya Kiingereza changu cha kusikia, nikaanza kuandika Kiswahili: nyimbo za Afro 70, za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, maneno ya mama wakati wa kukoroga unga. Ualimu wangu wa Kiswahili, miaka 34 darasani, ulianzia katika daftari lile. Sikuingia kwenye ushairi kwa mlango wa vitabu.

Mwaka 1972, mwisho wa kidato cha nne, dada alinipeleka kumwona. Sikuwa na ruhusa. Mama alidhani tunakwenda kumtazama shangazi aliyejifungua. Wasichana wa wakati ule tulikuwa na utaratibu wetu: unavaa bugaluu, ile suruali pana chini, unafunga kanga juu yake, unatoka nyumbani mtoto mwema, na kwa rafiki wa njiani unaivua na kuikunja ndani ya kikapu. Dada alinifunga ile kanga ya yule mama wa maandazi. Alinifunga mwenyewe, akakaza fundo, akasema, "Hii imeshazoea."

Ukumbi ulikuwa wa joto na sakafu ya saruji iliyomwagiwa unga wa kutelezesha. Walianza taratibu. Katika dansi letu wimbo huwa na nyumba mbili: kwanza mnasimuliwa, mnashikana, mnazunguka kwa adabu, halafu waimbaji wananyamaza na magitaa yanabaki, ndiyo chemko. Patrick alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa pamoja, kwa hiyo chemko ilipofika hakuna aliyempisha mwingine. Ni mtu yuleyule aliyekuwa akikusimulia, ameacha maneno na kuendelea kwa vidole. Nilikuwa mbele kabisa. Nilitazama mkono wake wa kushoto ulivyokuwa ukishuka shingo ya gitaa na kusita, mpiga rithim akimsubiri, mpiga besi akimsubiri, ukumbi mzima umeinua mguu, halafu anaachia. Tulikanyaga chini pamoja, watu mia kadhaa. Dada, ambaye tangu 1968 hakuwa amecheza mbele ya wanaume, alikuwa katikati amenyoosha mikono juu.

Tulirudi magharibi. Mama alikuwa barazani. Alituangalia, akaiangalia ile kanga, akasema shangazi hajambo, amepita hapa mchana. Basi. Hakumwambia baba.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Juni 1974 Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulifanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mji ukajaa ndugu zetu wa Marekani wenye nywele kubwa kuliko zetu zote. Kaka alikuwa akiwafuata mjini kuwatazama tu. Baba aliwaona pia, akarudi amenyamaza, akamwambia kaka, "Wale wanasalimia vizuri." Mwaka uliofuata nikaingia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na nywele zikanyolewa siku ya kwanza. Kwenye mashamba ya Ruvu tulilima kwa nyimbo, na jioni, wasimamizi wakiwa mbali, msichana mmoja wa Bukoba alikuwa akipiga solo la Patrick kwa mdomo huku wengine tukigonga sufuria. Kichwa kilikuwa kipara na Afro ilikuwepo.

Mwaka 1977 nilijivuna kama vile nimezaa mimi: Afro 70 walikwenda Lagos kuiwakilisha Tanzania katika FESTAC, tamasha la sanaa la watu weusi wa dunia nzima. Kijana wa bugi, aliyetoka katika muziki ule uliopigiwa marufuku, sasa ndiye amebeba bendera ya utamaduni wa taifa. Nilimwandikia baba, wakati huo nikiwa chuo cha ualimu, nikamuuliza kama anakumbuka swali la Mwalimu. Alinijibu kwa kadi: "Nakumbuka. Mwambie kaka yako."

Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Watu husimulia ndege na reli. Sisi wapenzi wa muziki tulikumbuka kwamba santuri zetu zilikuwa zinatengenezwa Nairobi, kwa kuwa hapa hapakuwa na kiwanda. Sahani yetu ya "Dirishani" aliileta mjomba aliyekuwa dereva wa lori la njia hiyo, ameifunga katikati ya mashati, na mkwaruzo ule ni wa barabara ya Namanga. Baada ya mpaka kufungwa ukitaka wimbo unasubiri redio iamue. Halafu vita vya Kagera, halafu miaka ya foleni. Bendi zenye mashirika nyuma yake zilikuwa na vyombo vya mwajiri. Bendi ya mtu binafsi ikiharibikiwa kipaza sauti imeharibikiwa kweli. Mwaka 1979 Patrick alikwenda Sweden, akarekodi na kundi la huko lililoitwa Archimedes, wakatoa "Bado Kidogo". Kwa muda mrefu mimi niliisikia kwa habari tu.

Niliolewa 1978, na ndiyo, walipiga "Harusi". Baba alicheza. Alikuwa mchezaji mzuri kumbe, wa mguu mwepesi, rumba kabisa, ile aliyoikemea.

Patrick alifariki tarehe 7 Agosti 2004. Niliisikia redioni nikiwa nasahihisha madaftari. Kaka alikuwa ameshatangulia, na Babu siku nyingi. Nilitaka kuipiga ile sahani, lakini gramafoni ilikuwa imekufa kabla ya wote. Nikafungua kabati, nikaitoa tu kwenye mfuko wake wa karatasi, nikaishika kwa pembeni, kama alivyotufundisha kaka.

Mwaka jana mjukuu wangu aliitafuta "Dirishani" kwenye simu yake, safi, haina hata vumbi. Nikaimba nayo. Ilipofika pale, mimi niliruka. Nilikuwa mbele ya gitaa kwa sekunde tatu, nne, naimba peke yangu kipande kinachofuata, na gitaa bado liko nyuma linapiga kitu nisichokijua. Mjukuu akacheka, akadhani nimesahau. Nikamwambia arudishe. Nikanyamaza, nikasikiliza. Kulikuwa na sauti chache pale, zinashuka, zinasita, zinashuka tena. Nilikuwa na wimbo ule zaidi ya miaka 50 na sikuwahi kuzisikia.

Nikampigia dada. Ana miaka 75 sasa, masikio yake hayako vizuri, kwa hiyo nilimwambia abane simu sikioni na nikaileta yangu karibu na ya mjukuu. Ilipofika pale sikusema kitu. Upande wa pili kukawa kimya, halafu akasema:

"Hapo. Hapo ndipo palipokuwa panaruka."

"Ndiyo, dada."

"Rudisha."